Chumvi, joto na umeme unaorudi: nilivyojifunza kutunza TV na sabufa Mtwara

TV yangu ya kwanza ya flati niliinunua mwaka 2013, msimu wa korosho, wakati ambao maduka ya Mtwara hujaza vyombo vya umeme mpaka barazani. Nilikuwa nimepanga Shangani, karibu na bahari kiasi cha kuyasikia mawimbi nikiwa kitandani. Nikaitundika ukutani ikitazamana na dirisha, upepo ukiipiga kutwa kucha. Miaka miwili haikufika. Asubuhi moja nikabonyeza rimoti, taa nyekundu ikapepesa mara mbili, kisha kimya.

Nilishaamua kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jirani akanisihi niipeleke kwanza kwa fundi mmoja mtu mzima karibu na soko. Alipofungua mgongo akaniita, "Mwalimu, hebu sogea uone." Bodi, kile kibao cha ndani kinachobeba vifaa vya umeme, ilikuwa na ukungu mweupe kama imenyunyiziwa unga wa muhogo, na kwenye lehemu palikuwa pameota kutu ya kijani. Akaisugua kwa kidole, ikatoka kwa shida. "Hii haijafa," akasema. "Imeliwa na chumvi tu." Akaisafisha kwa mswaki na spiriti, akaiacha juani kidogo ikauke, akabadilisha kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyosimama kwenye bodi. Nikamlipa shilingi 20,000. TV ile nikakaa nayo miaka minne mingine, na tangu siku hiyo sijatupa chombo kabla hakijafunguliwa.

Sisi wa pwani lazima tuielewe chumvi. Kaskazi ikivuma au kusi ikivuma, kwetu zote zinapitia baharini kabla ya kuingia sebuleni. Chumvi hiyo ikishatua kwenye bodi haitulii: inavuta unyevu wa hewani, na unyevu wenye chumvi unapitisha umeme. Matokeo yake umeme unapenya mahali usipotakiwa kupita na shaba inalika taratibu, hata siku ambazo TV imezimwa lakini plagi iko ukutani. Ukitaka kujua kama nyumba yako imo kwenye hatari hiyo, pitisha kitambaa kikavu kwenye kioo cha TV asubuhi. Kitambaa kikinata, jua na ndani ya TV kuna hali hiyo hiyo.

Mimi sasa TV yangu iko kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na nyuma yake nimeacha nafasi ya kiganja ili hewa ipite. Mara moja kwa mwaka fundi anaifungua na kuisafisha. Kioo nakifuta kwa kitambaa laini kikavu, na doa likigoma nalowesha kitambaa kwa maji kidogo sana. Usimwage wala kupuliza maji moja kwa moja kwenye kioo. Yanateremka hadi ukingo wa chini, yanaingia kwenye nyaya nyembamba zilizo pale, na hapo huna TV tena.

Kitu kingine ni vitambaa vya kufuma. Najua vinapendeza, na mama yangu kule Mingoyo amevifuma mwenyewe. Lakini kikilala juu ya TV au redio inayowaka kinaziba matundu ya kutolea joto. Na zile kapasita hazipendi joto hata kidogo. Kwa hesabu ya mafundi, joto likiongezeka nyuzi 10 umri wa kapasita unapungua kwa karibu nusu. Kapasita iliyochoka utaitambua kwa macho: kichwa chake, badala ya kuwa bapa, kimevimba kama chapati kwenye kikaango. Funika chombo kikiwa kimezimwa, na ukitaka kukiwasha ondoa kitambaa chote. Kukipandisha nusu hakusaidii.

Halafu umeme. Wengi tunalaumu kukatika, kumbe kinachoua ni kurudi. Umeme ukirudi, mafriji na mapasi ya mtaa mzima yanawaka kwa pamoja, volti zinapanda na kushuka kwa sekunde chache, na hapo ndipo pawa saplai, sehemu ya ndani inayoupokea umeme wa ukutani, inapoungua. Nyumbani kwangu hata watoto wanajua: umeme ukikatika, swichi ya ukutani inazimwa papo hapo, na ukirudi tunasubiri kama dakika tano. Ukiweza nunua gadi. Gadi hukata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi, na ukirudi hukisubirisha chombo kwanza. Usiichanganye na stabilaiza, ambayo kazi yake ni kusawazisha volti. Kabla ya kutoa hela kwa stabilaiza soma karatasi iliyobandikwa nyuma ya TV. Flati nyingi za sasa zimeandikwa volti 100 hadi 240, maana yake umeme mdogo zinauvumilia zenyewe, na adui yao ni ule unaoruka ghafla.

Radi ni habari nyingine, gadi haiiwezi. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotangazwa kuja upande wetu, nilichomoa kila plagi na waya wa antena pia. Kiliishia kupiga kaskazini mwa Msumbiji, lakini desturi hiyo nimebaki nayo kila mvua ya radi ikikaribia. Watu huchomoa plagi wakasahau antena au waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi, na radi hupita humo humo.

Sabufa nazo zinaumwa zaidi na sisi wenyewe, hasa siku za sherehe. Sauti ikianza kukwaruza, shusha hapo hapo. Mkwaruzo huo ni dalili kwamba amplifaya imefika mwisho wa nguvu zake, na umeme unaotoka humo unachemsha koili ya spika, ule waya uliozungushwa ndani yake, mpaka inaungua. Spika ikinyamaza usikimbilie kununua nyingine. Zima sabufa, chomoa plagi, kisha fungua nyaya mbili za spika hiyo na uziguse kwenye ncha mbili za betri ndogo ya rimoti, sekunde moja tu. Koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika, ikicheza na ukasikia "tap", spika ni nzima na ubovu uko kwingine, mara nyingi kwenye waya au jeki iliyoshika kutu. Ikikaa kimya kabisa, koili imekatika. Na kama kirungu cha sauti ndicho kinachokwaruza unapokizungusha, ni vumbi na kutu. Fundi akipuliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme na kukizungusha mara ishirini hivi, kinatulia.

Kuna ubovu mmoja wa flati ambao umewapotezea watu wengi TV zao: sauti ipo, picha hakuna, kioo cheusi. Zima taa za sebuleni, washa tochi ya simu, imulike kwenye kioo kwa pembeni ukiwa karibu kabisa. Ukiona watu wanatembea humo kama vivuli, kioo chako ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma, zile mistari ya taa ndogo za LED. Zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo moja ikifa inaweza kuzima na wenzake. Mwambie fundi abadilishe mistari yote kwa pamoja. Akibadilisha taa moja tu, utarudi kwake baada ya muda mfupi, kwa sababu zilizobaki zimechoka vile vile. TV ikirudi nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya picha ushushe mwanga wa nyuma. Madukani huwa umepandishwa hadi juu ili TV ing'ae, nyumbani hauhitajiki wote huo. Mimi nimeuweka kwenye nusu.

Kioo kikipasuka, hapo nakuambia ukweli: usitengeneze. Bei ya kioo inakaribia bei ya TV mpya. Muuzie fundi bodi zake, zitaokoa TV ya mtu mwingine.

Ninachokuomba kwa dhati, usifungue pawa saplai mwenyewe. Umeme wa ukutani wa volti 230, ukishageuzwa humo ndani, unafika volti 320 hivi, na kapasita kubwa inaweza kubaki nao hata baada ya plagi kuchomolewa. TV ya chogo ni hatari zaidi, bomba lake la picha hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000. Kazi hiyo mwachie fundi. Na fundi mzuri utamjua mapema: anapima kabla ya kutaja bei, na kifaa alichotoa anakurudishia mkononi. Mwingine, sitamtaja, aliwahi kukaa na redio yangu miezi mitatu, na nilipoichukua kaseti ilikuwa haipo ndani. Siku hizi napiga picha bodi kabla sijaiacha.

Jambo la mwisho nililijua kwa mama. Redio ya marehemu baba aliifungia kabatini tangu mwaka wa msiba, akiiwasha mara moja kwa mwaka kwa heshima yake. Ikaoza humo humo. Chombo kinachowaka kila siku joto lake dogo linafukuza unyevu, na kapasita zake zinabaki hai kwa kupitiwa na umeme, ila kinachofungiwa kwenye kabati la pwani kinakufa bila kutumika. Fundi aliifufua kwa kapasita tano na kamba mpya ya tuning, ile inayovuta mshale. Nilipomrudishia nikamwambia, "Mama, iwashe kila siku, hata nusu saa." Siku hizi nikimpigia simu jioni lazima nisubiri kwanza aipunguze sauti.