Mvinyo mkavu, ukavu wake uko wapi? Majibu kuhusu Chenin Blanc

Maswali ya safari hii yanazungukia zabibu moja nyeupe, Chenin Blanc. Nimejibu matano.

Mvinyo ni majimaji. Unakuwaje mkavu?

Kinachokosekana ni sukari. Chachu hula sukari ya juisi ya zabibu na kuigeuza kileo. Ikila karibu yote, mvinyo unaitwa mkavu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha gramu 4 za sukari kwa lita, ingawa mvinyo wenye asidi nyingi unaruhusiwa kufika hadi 9. Pua nayo hudanganya. Chenin Blanc mkavu hunukia tofaa lililoiva, ukajiandaa kwa utamu, kisha mate yanakutoka kama aliyenyonya ndimu.

Nilinunua Vouvray, nikaikuta tamu. Nimepunjwa?

Hapana, hukusoma lebo. Vouvray ni eneo lililo jirani na mji wa Tours, kwenye bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na huko zabibu hiyohiyo hutoa mvinyo mkavu, mtamu na hata wa mapovu. Tafuta neno "sec". Ukiona "demi-sec", kuna utamu. "Moelleux" ni mtamu hasa. Asiyependa kubahatisha ashuke na mto hadi Savennières, karibu na Angers, ambako mwingi ni mkavu. (Ukipita Vouvray, omba kuona maghala: ni mapango yaliyobaki watu walipochimba mawe laini ya chokaa ya kujengea nyumba.)

Chenin Blanc mkavu niunywe na chakula gani? Nyumbani tunapika vya nazi.

Hapo ndipo ninapoupenda zaidi. Chukua changu wa kuchoma, ngozi imebabuka, chumvi na ndimu tu. Funda moja la mvinyo huu linasafisha mafuta ulimini na unarudi kwenye samaki kana kwamba ndiyo kwanza unaanza. Samaki wa kupaka ni kazi ngumu kidogo, maana tui zito humeza mvinyo mwepesi. Tafuta uliolazwa kwenye pipa la mbao, una mwili zaidi, yaani ni mzito zaidi mdomoni. Pweza wa nazi vilevile. Ila pilipili ipunguze, kwa sababu kileo huchochea ule moto, na mvinyo mkavu hauna sukari ya kuupoza. Mpenda pilipili achukue "demi-sec", wala asione haya. Wenyeji wa Loire wao huunywa na jibini ya maziwa ya mbuzi. Nyama choma ya ng'ombe? Mimi singeupoteza hapo.

Rafiki yangu anabisha kwamba Chenin Blanc ni ya Afrika Kusini. Nani mkweli?

Asili yake ni Loire, lakini rafiki yako ana hoja. Afrika Kusini inailima kuliko Ufaransa yenyewe, na hakuna zabibu ya mvinyo inayochukua ardhi kubwa zaidi huko. Mvinyo wa kwanza wa Cape, kusini mwa nchi hiyo, ulikamuliwa mwaka 1659. Kwa vizazi vingi wakulima waliiita Steen, wakaidhani ni zabibu yao ya pekee, mpaka miaka ya 1960 ilipothibitishwa kuwa Steen na Chenin Blanc ni kitu kimoja.

Na ya Dodoma je?

Ipo, na inastahili kuonjwa bila dharau. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima akipogoa kwa mpango huvuna mara mbili kwa mwaka. Tatizo ni jua: joto hula asidi ndani ya tunda, na Chenin Blanc bila asidi ni maji ya matunda yenye kileo. Anayechelewa kuchuma anaharibu. Mvinyo wenyewe uweke kwenye friji saa mbili au tatu kabla ya kula, na barafu usiitie kwenye glasi.