Wadogo zangu wa IT, msijifungie nje ya rauta ya mteja

Jumanne iliyopita kijana wetu mmoja alikuwa ndani ya kompyuta ya mteja wa Singida kwa AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta iliyo mbali), intaneti inakatakata, akaona dawa ni kuizima kadi ya mtandao alafu aiwashe. Akaizima. Sasa ataiwashaje wakati yeye mwenyewe kapita humohumo? Akaniangalia, nikamwangalia, nikakumbuka yangu ya 2017. Nimeamua kuandika maana kila anayeanza kazi hii anatumbukia kwenye mashimo yaleyale, na sisi tuliotangulia tunayajua yalipo, tumekaa kimya tu.

1. Usianze kwa kumwambia mteja afungue poti (mlango wa mawasiliano wenye namba). Faiawoli nyingi (kichujio cha mawasiliano ya mtandao) zinakataa kinachotoka nje kuingia ndani, ila cha ndani kwenda nje zinakiachia, ndo maana TeamViewer, ndugu yake AnyDesk, inajaribu poti 5938 na ikigoma inahamia 443 wanakopita watu wote wa https. Kompyuta ya mteja ndo itoke ikufuate, sio wewe uifuate. Na kama anatumia rauta ya laini ya simu angalia kwanza IP ya WAN (anwani ya rauta upande wa intaneti), ukikuta iko kati ya 100.64 na 100.127 ujue yuko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu, yaani anashiriki anwani moja ya intaneti na watu kibao, fungua poti zote unazozijua kwenye rauta yake na bado hakuna kitu kitaingia. Kuna mtu hapa ofisini kapoteza asubuhi nzima kwa hilo mwezi huu.

Na 3389, poti ya RDP (njia ya Windows ya kuingia kompyuta kwa mbali), iliyoachwa wazi kwenye intaneti sitaki kuiona. BlueKeep, tundu la usalama kwenye RDP, ilipotangazwa Mei 2019 Microsoft walitoa marekebisho mpaka ya Windows XP, ambayo walishaacha kuihudumia tangu 2014, ujue wenyewe walivyoshtuka. RDP ipite ndani ya VPN (njia ya faragha juu ya intaneti), basi.

2. Uliza faiawoli ni ya nani. Kama mteja ni tawi na makao makuu wana watu wao wa IT, hiyo faiawoli sio adui yako, kuna mwenzio kaiweka kwa sababu zake. Kumwambia mhasibu "dada washa hotspoti ya simu tupite huko" ni kumtafutia barua ya onyo mtu ambaye hajui hata kosa lake ni lipi. Piga simu IT yao, wape majina ya seva na namba za poti, subiri. Inachosha, najua.

3. Kabla hujagusa faiawoli, uwe na njia ya pili ya kurudi ndani. Hapa nitakaa kidogo.

2017 nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, na nilikuwa nahudumia SACCOS moja ya walimu Songea, mimi niko Dar. Rauta yao MikroTik, naingia kwa Winbox (programu ya kupangia rauta za MikroTik) moja kwa moja kutoka ofisini. Siku hiyo nikafungua logi nikakuta mistari myekundu imejaa, login failure ya root, login failure ya admin, watu wa nchi nisizozijua wanagonga SSH (mlango wa kuingia rauta kwa amri) kila sekunde chache. Nikasema leo nawafungia. Nia ilikuwa nzuri kabisa, nilipanga kuweka sheria mbili kwenye input (mawasiliano yanayoiendea rauta yenyewe), ya kwanza kuruhusu IP ya ofisi yetu, ya pili kudondosha mengine yote yanayotoka WAN. Nikaanza na ya kudondosha. Na kwenye kuiandika nikasahau kuweka in-interface (upande yanakoingilia), kwahiyo ikawa inadondosha kila kitu kutoka kila upande, nikabonyeza Apply, Winbox ikaganda, ikakatika.

Ile baridi ya tumboni atakayewahi kuipata haisahau. Nikajaribu tena, kimya. VPN nayo ilikuwa inaishia kwenye rauta hiyohiyo, kimya. Dakika chache simu ikaita, dada wa kaunta, "kaka mbona mfumo haufunguki?" Kompyuta zao zote zilikuwa zinauliza DNS (jina fulani lina anwani gani) kwa rauta, na rauta nilishaiziba masikio. Nikamwambia achomoe umeme asubiri achomeke. Akachomeka, hakuna kitu, nikamwambia arudie. MikroTik inahifadhi papo hapo ulichoandika, haina habari ya kusahau ikizimwa kama rauta ya Cisco ambayo hujaisevu, na hilo nilikuwa nalijua ila hofu ilishakula akili yote. Akaniuliza "kuna katundu hapa kameandikwa reset, nichome na pini?" Nilikaribia kusema ndio. Bakapu ya konfigi (nakala ya mipangilio) ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya rauta hiyohiyo.

Ilikuwa siku za mwisho wa mwezi, walimu wamekuja kuchukua mikopo. Usiku sikulala, alfajiri nikawa Ubungo napanda basi, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Makambako, Njombe, zaidi ya kilomita 900 na kila kilomita nawaza nitamwambia nini mama meneja. Nimefika usiku, asubuhi nikaingia ofisini, kwenye benchi kuna mzee mmoja mwalimu, shati limenyooshwa vizuri, kashika bahasha. Dada akaninong'oneza kwamba huyo ni siku ya tatu anakuja, mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ada. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama mimi ndo fundi nimekuja kuwasaidia. Nikasema ndio. Sikumwambia kwamba mimi ndo niliyeharibu, na mpaka leo hilo ndo linaniuma kuliko safari yenyewe.

Nikachomeka laptopu kwenye rauta, nikaingia Winbox kwa MAC (namba ya kifaa chenyewe) badala ya IP, ile inapita chini huko, sheria za IP haziizuii kitu. Nikafuta mstari mmoja. Haikufika dakika moja. Niliporudi Dar kaka mkubwa wa ofisi akaniuliza swali moja tu: kwanini hukumwelekeza yule dada awashe hotspoti, ashushe Winbox, aingie kwa MAC, wewe ukiwa kwenye simu? Sikuwa na jibu.

Kwahiyo mnaposikia nasema bonyeza Safe Mode sio kwamba napenda kusumbua watu. Iko palepale juu kushoto kwenye Winbox, au Ctrl+X kwenye terminali, ukikatika inarudisha yenyewe ulivyokuta, itachukua kama dakika 9, vumilia. Cisco andika reload in 10 kabla ya kuanza (itajirestati baada ya dakika 10), Juniper tumia commit confirmed (usipothibitisha inarudi ilivyokuwa). Sheria ya kuruhusu inatangulia, ya kudondosha inakuja mwisho. Bakapu ikae kwako.

4. Skrini ya mteja ikiwa nyeusi ghafla kwako, mara nyingi sio faiawoli, ni Windows inamuuliza mteja ruhusa, mwambie abonyeze Yes.

5. Restati ni shutdown /r. Ukiandika /s umeizima, na kama ni Ijumaa jioni ofisi imefungwa tutaonana Jumatatu.

6. Ongeeni na wateja vizuri. Mama wa duka la dawa hajui "taskba" ni nini na hana sababu ya kujua, yeye anajua dozi ambazo wewe huzijui. Mwambie akusomee anachokiona, herufi kwa herufi, zile namba za AnyDesk azitaje tatu tatu na wewe uzirudie. Usimkatishe. Na mzoeshe kwamba akipigiwa na mtu anayejiita IT akate simu atupigie sisi kwenye namba ya ofisi, hata kama ni mimi, matapeli wa kupiga simu wako wengi.

7. Uliza kama umeme upo. Kuna siku watu wawili wamekagua VPN nusu saa nzima kumbe LUKU imeisha upande wa pili.

Kwa yule kijana wa Jumanne, tulimpata mlinzi wa pale Singida, akaelekezwa kwa simu mpaka kadi ikawaka, Mungu ambariki yule mzee. Kesho jioni nakuja ofisini na ile hAP yangu ya zamani (rauta ndogo ya MikroTik), kila mmoja atajifungia nje kwa makusudi na hatoki mtu mpaka arudi ndani kwa MAC. Njooni na laptopu, Winbox muwe mmeshashusha.