Mdogo wangu, huo mpango wa "vicheko tu" utupe leo leo

Nimesoma uzi wako mara mbili, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Sitaanza na pole, za pole wenzangu hapo juu wamekujazia za kutosha. Umeuliza mambo manne: mchumba wako ana miaka 20, kansa imerudi, madaktari wameshasema hawana tena dawa ya kuiondoa, na sasa anataka muachane ili usiteseke, je ukubali? Je uahirishe chuo? Je uwaambie wazazi wako? Na je umfanyie sherehe ya kushtukiza siku yake ya kuzaliwa? Leo ntajibu hilo la kuachana tu, hayo mengine matatu yatasubiri. Kwa sababu kuna kasentensi umekatupia mwishoni kama vile si kitu: "nimepanga nikienda kwake tusiguse habari za ugonjwa kabisa, ni vicheko tu, simpi nafasi ya kuwaza vibaya."

Aisee. Hako kasentensi mi nimekaishi miezi minne.

Tulikuwa watatu, mimi, yeye niliyekuja kumpenda, na rafiki yetu tuliyemwita Mrefu (ni mfupi). Yeye alianza na goti, kila mtu akasema ni michezo, ataacha kuruka litapoa, kumbe ni osteosakoma, kansa ya mfupa ambayo huwapenda sana vijana wanaorefuka na mara nyingi huanzia hapo hapo karibu na goti. Akapigwa kemo, zile dawa kali za kuua kansa, yeye ile doksorubisini nyekundu ambayo hata mkojo unatoka mwekundu, mara ya kwanza tulipiga kelele wote wodi nzima ikageuka. Akafanyiwa upasuaji, akapata nafuu, tukapendana humo humo katikati, usiniulize ilianzaje sijui hata mwenyewe. Af ikaibukia kwenye mapafu, maana hiyo ndo njia yake ya kawaida ikitoka mfupani. Wakajaribu dawa nyingine, ikagoma. Daktari akatuambia wazi, na yeye akiwepo.

Sasa ndo akaja mshauri wangu. Jamaa mmoja anajiita kocha wa fikra chanya, simtaji, alikuwa na video zake, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, taa za zambarau nyuma, anakwambia mgonjwa anakufa na maneno kabla hajafa na ugonjwa, usiruhusu neno kifo liingie chumbani, ukiona analianza likate, badili mada, mchekeshe. Nililipia hadi somo la pili. Yaani huyu mtu hajawahi kukaa hata usiku mmoja pembeni ya mtu anayetafuta pumzi, ila anatufundisha sisi! Kama unasoma hapa kaka, natamani ukae kwenye kiti chako hicho kikuzungushe mpaka utapike. Na kuna ndugu za mgonjwa pia wawili watatu walionipigia makofi, "wewe ndo unamfanya aishi", na mi kichwa kikavimba. Nikawa MC wa wodi. Ningekuwa nalipwa kwa kila "utapona wewe" niliyoitamka, saa hii ningekuwa nawajibu nikiwa ndani ya boti yangu.

Sikia makosa yenyewe sasa, na usiruke hapa.

Alijaribu kuniambia mara tatu. Mara ya kwanza akasema, "Nikiondoka, ile simu yangu usimpe mtu kabla hujafuta baadhi ya vitu." Nikamwambia acha ujinga, hauondoki popote. Mara ya pili akaniuliza kama nadhani inauma. Hakusema nini kinauma, na mi nilijua fika ni nini, nikajifanya anaongelea sindano ya kesho yake. Mara ya tatu ilikuwa jioni, nimeshavaa viatu naondoka, akasema, "Naogopa usiku." Neno moja la kuuliza lilikuwa linatosha hapo. Unaogopa nini? Basi. Badala yake nikatoa simu nikamuwekea kichekesho, akacheka, nikambusu paji la uso nikaondoka napiga mluzi, najiona nimeokoa siku.

Hakujaribu tena. Na kuanzia hapo akawa mchangamfu ajabu kila nikienda, anatania yeye kabla yangu, amejipaka mafuta, ameketi vizuri, mi nikaandika kwenye grupu la yule kocha kwamba njia inafanya kazi jamani. Nikapata emoji za moto 60 na kitu.

Mrefu ndo alikuja kunipa ukweli, wiki kadhaa baada ya mazishi, tena nilimlazimisha. Ni kwamba siku zangu za kwenda, mpenzi wangu alikuwa anaomba ile dozi ya ziada ya morfini ya maji nusu saa kabla sijafika, hata kama maumivu hayajamzidi, ili imkolee akiwa na mimi. Anaandaliwa kama mtu anayepanda jukwaani. Nikishaondoka analala masaa, hawezi hata kugeuka. Alimwambia Mrefu, "Yule ukimwambia ukweli atavunjika, mwache." Yaani mi nilidhani namlinda, kumbe yeye ndo alikuwa zamu ya kunilinda mimi, na pumzi zenyewe hana za kugawa. Nina video zaidi ya 40 za siku zile, zote anacheka. Sijawahi kuimaliza hata moja.

Na hilo siyo baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni ule usiku aliosema anaogopa. Alichokuwa anaogopa ni kukosa pumzi akiwa amelala na hakuna mtu wa kumsikia, hicho tu, kitu chenye majina na dawa. Aliniambia mimi kwanza, mi nikamuwekea kichekesho, na kwa kuwa nilimfundisha kwamba hayo hayasemwi, akakaa nayo wiki tatu nzima kabla hajamwambia Mrefu. Mrefu hakujibu lolote la maana, alisema tu "mh, enhe?" Akaongea. Asubuhi Mrefu akamwambia nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata kama haponi, na siku hiyo hiyo mambo yakabadilika: mito ya kumuinua mgongo, kafeni kadogo kanapuliza usoni (usicheke, upepo usoni kweli unapunguza ile hisia ya kukosa hewa), na morfini kidogo usiku, maana kwa dozi ndogo zinazosimamiwa haipunguzi maumivu peke yake, hata ile kuhema kwa hofu inatulia. Na mtu wa kulala chumbani kwa zamu. Siku moja! Wiki tatu za woga kwa ajili ya kitu cha siku moja. Hesabu hiyo nimeipiga usiku mwingi na jibu haligeuki.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na ntakupigia kelele nayo mpaka unichoke: akianza kuongelea kifo, usimkatishe. Hata kama ameanza kwa utani, kwa sababu wengi wanaanza kwa utani kupima kina cha maji. Si lazima uwe na jibu. Useme tu "enhe" kama Mrefu, ambaye shuleni alikuwa anashika mkia na ndiye aliyefaulu mtihani wenyewe.

Wengine hapo juu wamekwambia ukiongea naye utamvunja moyo na utajuta maisha yako yote. Kuna utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2004, waliulizwa wazazi waliofiwa na watoto kwa kansa. Wazazi 147 walikuwa wameongea na mtoto wao kuhusu kifo, na aliyejuta kuongea hakuwepo hata mmoja. Kati ya 258 ambao hawakuongea na wakajibu hilo swali, 69 walijuta. Najua ni wazazi, siyo wachumba, usianze kunibishia. Mi ni wa 70, niongezeni hapo. Na huu mchezo wa kila mmoja anajua na kila mmoja anajifanya hajui siyo uvumbuzi wangu mimi na kocha wangu, wanasosholojia wawili wa Marekani, Glaser na Strauss, waliueleza tangu 1965 baada ya kuangalia jinsi watu wanavyokufa hospitalini. Miaka yote hiyo, na mi nikalipia somo nifundishwe kuucheza.

Sasa hilo la "tuachane usiteseke." Mi simjui huyo kijana, lakini nikilisoma naona mtu anayegonga mlango. Anataka kujua kama unaweza kubaki chumbani akisema yale ya ndani, au itabidi akuigizie mpaka mwisho. Ukimjibu "hatuachani, na wewe utapona" umeufunga mlango kwa komeo mbili. Muulize, "Unaogopa nitaona nini?" Halafu nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, utatamani kutoa simu, usitoe. Kama ni kutapika, kama ni kuvalishwa nepi, kama ni sura yake kubadilika, atasema. Akishasema ndo mtajua kama mnaachana au la, mkiwa wawili, siyo yeye peke yake kichwani saa tisa za usiku. Na akisema kitu cha mwilini, pumzi, maumivu, usiku, omba ruhusa yake umwambie nesi siku hiyo hiyo. Usikae nacho.

Unaweza kulia mbele yake, hilo nalo mtu aliniuliza inboksi. Mi sikulia hata mara moja, nilijisifia kabisa, na Mrefu anasema hicho ndicho kilichomuuma mpenzi wangu, alidhani sijaelewa kinachoendelea au sijali.

Na kucheka mtacheka, sijakataza, sisi siku ile ya mkojo mwekundu tulicheka kweli, hiyo ndo video pekee sikuwahi kuirekodi.

Umesema unaenda kwake leo jioni. Simu iache kwenye begi. Kaa karibu asilazimike kupaza sauti, pumzi zake usizimalize kwa kurudia maneno. Ukirudi, ukitaka, njoo uandike hapa alisema nini. Usipotaka usiandike, ni yenu hayo.