Okidi yenye madoadoa: hadhi yake na makazi yake

Ndugu, umeuliza kama okidi ya manjano yenye madoadoa ya kahawia, uliyoiona kwenye mgunga karibu na Ahero, ni kimelea kinachonyonya mti, na kama iko hatarini. Kwa maelezo yako, hasa yale mashina yanayofanana na vijiti vya muwa, hiyo ni Ansellia africana.

Si kimelea. Hushika gome ili kupata mwanga tu, na ukiitazama kwa karibu utaona mizizi myembamba iliyosimama kama sindano kuelekea juu, ikinasa majani makavu ambayo yakioza huirutubisha. Huishi miaka mingi katika misitu ya wazi na kandokando ya mito, kwenye maeneo yenye joto.

Kuhusu hadhi yake, orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, inaihesabu kuwa spishi iliyo katika hali ya kudhurika, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea pori iliyo hatarini, kama ilivyo kwa okidi zote. Huvunwa porini kwa ajili ya mapambo na dawa, na kila mti mkubwa unaokatwa kwa makaa huanguka nayo. Kuirudisha ni kazi ngumu, kwa kuwa mbegu zake, ndogo kama vumbi, haziwezi kuota porini bila kuvu maalumu.

Kwa hiyo nakusihi usiibandue. Ukikuta imeanguka pamoja na mti, waulize kwanza maafisa wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) wa Kisumu kabla ya kuihamisha.