Shangazi, mvuvi wa dago anataka tuoane kwa siri

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nina binti wa miaka 11 na sijawahi kuolewa. Naishi kijiji cha wavuvi huku Pangani. Kazi yangu ni dagaa: nanunua pwani, nachemsha, naanika, nawauzia wachuuzi wa Tanga mjini. Wanaume wa rika langu hapa ni ndugu zangu au wana wake. Kuna kaka wa Pemba anayekuja dago, yaani kambi ya wavuvi wa msimu, kila upepo wa kaskazi ukivuma; huu ni mwaka wa pili tunapendana. Anasema alishamwacha mkewe. Anataka tuoane kwa shehe mjini, mashahidi wawe rafiki zake, na huku kijijini asijue mtu, hata mama. Pia ameniomba nimkopee fedha kikundini anunue mashine ya boti. Mama ananiambia nimedoda, nikubali yeyote atakayekuja. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya huyo kaka nianze na lile neno la mama. Hujadoda. Unaendesha biashara, unasomesha mtoto, na bado una moyo wa kupenda. Najua mama anasema kwa uchungu, anaogopa kukuacha peke yako, lakini "yeyote atakayekuja" si posa ya kumpa mwanamke wa miaka 34, wala wa 20.

Sasa tuje kwa Mpemba wako. Kupendana na mvuvi wa dago si kosa, na ndoa nyingi za pwani hii zimeanza hivyo hivyo: mtu kaja na chombo, kapata mke, kahamia. Kinachonitia shaka ni hiyo siri. Huyo si kijana anayeogopa wazazi. Ni mwanamume mzima ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hana mke. Anamficha nani jambo hili?

Wewe unayenunua dagaa unaijua kalenda yao. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka vyombo vinakaa pwani, watu wanashona nyavu au wanakwenda kwao. Basi jiulize: siku za mbalamwezi yeye anakuwa wapi? Je, ukimpigia simu usiku siku hizo, anapokea? Kama kila mwezi ukikomaa anavuka kwenda Pemba na simu inazimwa mpaka arudi, jibu unalo hata kabla hujamuuliza. Na kama yuko hapo hapo kijijini, mbona hakanyagi kwenu hata kumwamkia mama?

Usibaki kwenye kukisia. Wazee wetu posa ikija walikuwa wanatuma mtu akaulizie kwao, na wewe una haki ya kuulizia hata ukiwa na miaka 50. Mwambie akupe jina la shehia yake. Kule Pemba kila shehia, yaani eneo dogo la utawala, ina kiongozi wake, sheha, na sheha anajua nani ana mke na nani kaacha. Mtume mjomba wako, au mtu mzima yeyote wa upande wenu mwenye staha, avuke akaulize. Kama kweli ameacha, talaka iliyosajiliwa ina karatasi, akuoneshe. Mwenye nia safi atakasirika kidogo, kisha atatoa jina la shehia. Asiye nayo atakwambia humwamini.

Halafu sikiliza upande wa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwa kawaida taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mke aliyepo ni mmoja wa wanaoweza kupinga. Siri inakuja kuziba mlango huo huo. Sheria hiyo, kifungu cha 160, pia inamlinda mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi bila cheti: mahakama inaweza kuwadhania mume na mke, lakini lazima watu wawe wanawajua hivyo. Wewe ukiolewa gizani, na hiyo karatasi ya shehe wa mjini ikaja kupotea, nani atasimama aseme kuwa ulikuwa mke? Rafiki zake wa chomboni? Na walii wako, msimamizi wa kukuozesha, ni nani katika ndoa hiyo? Hilo kamuulize imamu wa msikiti wenu, usimuulize yeye.

Kuna mtu mwingine hukumtaja sana, binti yako. Ana miaka 11, anaona. Ukimficha mume humo ndani, utamfundisha mtoto kumdanganya bibi yake kila asubuhi.

Fedha za kikundi usiguse. Mkopo utaandikwa jina lako, wadhamini ni wanawake wenzako unaochemsha nao dagaa, na mashine itaondoka na boti upepo wa kusi ukianza. Akiwa mumeo wa wazi, mkakaa mkapanga, hilo ni jambo jingine.

Na huyu akishindwa, hujafungiwa kijijini. Wanawake wengi wa umri wako hawaletewi mtu kwa sababu watu wanadhani wameshakata tamaa, wanaona haya kuwatajia. Wewe sema. Mwambie somo wako, yule kungwi aliyekufunda, waambie shangazi zako wa Tanga na Bagamoyo, kwa maneno mepesi kabisa: nataka kuolewa, nataka mtu mwenye kazi, asiyenywa, atakayemkubali mwanangu. Mwanamume aliyefiwa na mke akaachiwa watoto, au aliyeachana na mkewe kwa heshima, usimkatae kabla hujamsikiliza. Harusini na kwenye maulidi ya vijiji vya jirani usikae jikoni tangu asubuhi mpaka jioni. Toka, salimia watu. Hata wachuuzi wanaokuja kuchukua mzigo wana kaka na wajomba. Na yeyote utakayempata, nendeni wote mkapime afya kabla ya siku ya ndoa, pamoja na Virusi vya UKIMWI.

Kwa mama, ongea naye wiki hii, kabla maneno ya pwani hayajamfikia. Mweleze kuna mtu, mtaje jina, mwambie umemtaka alete wazee wake. Kisha mpe huyo kaka muda: kabla kaskazi haijaisha, awe amekuja mchana, na mtu mzima wa kwao, akae barazani kwenu aseme alichokuja kusema.