Dozi mbili zimekuwa moja: tumwamini nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu ana miaka 12, na shuleni wametuletea taarifa ya chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Mimi sikuwa na neno, lakini shemeji yangu, yaani mjomba wake mtoto, ameapa kwamba sindano hiyo hachomwi mtu. Anasema inafunga kizazi, tena wataalamu wenyewe hawajui wanalolifanya, kwa kuwa walianza na dozi mbili na sasa wanasema moja inatosha. Nikimpinga, ananiambia kwamba yeye anafikiri, ila mimi nameza kila ninachopewa. Cha ajabu ni kwamba mwaka 2011 ndiye aliyemkodia mama yake gari hadi Loliondo kunywa kikombe cha Babu, ile dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, na hakumuuliza mtu swali hata moja. Nimjibu nini?
Baba wa binti, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu wa Morogoro, nianze na la dozi, maana hapo shemeji yako ameuliza swali zuri kisha akaondoka kabla ya kusikia jibu. Ni kweli kwamba Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sababu moja ya mabadiliko hayo ilipatikana hapa hapa nyumbani. Mwanza, wasichana 930 wa umri huo waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi ya dozi moja, mbili au tatu, wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa huku damu yao ikipimwa. Waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na virusi, chache kuliko wenzao, lakini karibu wote waliendelea kuwa nazo. Nchini Kenya, katika utafiti wa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, dozi moja ilizuia takriban asilimia 97 ya maambukizi ya kudumu ya virusi vya HPV aina ya 16 na 18, ambavyo ndivyo chanzo kikuu cha saratani hiyo, katika miezi 18 ya ufuatiliaji. Mtu aliyerekebisha kauli yake baada ya kupima ameonyesha njia aliyopitia, na shemeji yako anaweza kuipita na kuikagua.

Kuhusu kufunga kizazi, dai hilo linapimika. Australia ilianza kuwachanja wasichana shuleni mwaka 2007, na wale wa kwanza sasa ni watu wazima wa umri wa kuzaa. Kama sindano hiyo ingefunga kizazi, wakunga wangekuwa wa kwanza kuligundua. Kilichoonekana ni kingine. Nchini Sweden, rekodi za wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6 zilionyesha kwamba waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 walikuwa na hatari ya saratani hiyo iliyo pungufu kwa asilimia 88.

Hata hivyo, usimwite mjinga. Hofu ya sindano ina historia. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilifanya majaribio ya dawa ya Trovan kwa watoto, na baadaye wazazi wakalalamika kwamba hawakuelezwa kuwa hayo yalikuwa majaribio. Kesi zilidumu miaka mingi. Mwaka 2003, Kano ilipoikataa chanjo ya polio kwa uvumi huu huu wa kufunga kizazi, kumbukumbu hiyo ilikuwa bado mbichi, na ugonjwa ukasambaa hadi nchi nyingine za Afrika. Mahubiri ya wataalamu hayakutosha. Chanjo ilirejea mwaka 2004 baada ya kupimwa upya na kuagizwa kutoka Indonesia, nchi ambayo watu wa Kano waliiamini.

Hilo la Loliondo mimi nisingelitumia kumuumbua, kwani aliyempeleka mama mgonjwa hakuwa na nafasi ya kubishana, na kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500 tu. Ila mkiwa wawili, tena kwa upole, muulize: je, ushahidi anaoudai kwa sindano aliudai kwa kikombe? Kisha muulize ni jambo gani, likithibitishwa, lingemfanya abadili msimamo wake kuhusu chanjo. Akisema hakuna, basi mazungumzo yenu si ya sayansi tena, na wewe kama mzazi utaamua bila yeye.

Akilitaja jambo hilo, nendeni naye kituo cha afya kabla ya siku ya chanjo, amuulize muuguzi ana kwa ana jina la chanjo na madhara yake. Ataambiwa kuhusu maumivu ya mkono, homa kidogo, na wasichana wachache wanaozimia kwa woga, ndiyo maana huketishwa kama dakika 15 baada ya kuchomwa. Na binti naye mchukueni, maana mkono utakaochomwa ni wake na huenda ana maswali ambayo nyinyi wawili hamjayafikiria.