Kabla ya Kwenda Mahameni, Mtafute Aliyehama

Huku Kusini ukisema unakwenda kuangalia magofu, watu wanakuuliza kama unashuka Kilwa. Hawajakosea. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko Lindi, zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kila mwenye nafasi aende akazione. Kibali unachukua Kilwa Masoko, mwongozaji unampata, boti inakuvusha. Leo lakini nataka kuzungumzia mahame ya porini, yale yasiyo na kibao wala tiketi: watu walihama, nyumba zikaanguka, msitu ukarudi.

Mahame haya yako mengi, kuanzia Liwale mpaka Newala, na ukiwa na siku moja na miguu yenye nguvu unaweza kwenda na kurudi. Nimekwenda mara nyingi sasa. Ushauri nilionao ni huu: usimtafute dereva kwanza, wala ramani. Mtafute mtu aliyeishi pale kabla hapajawa pori.

Nilijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza nilikwenda na rafiki yangu mmoja, tukitafuta hame la upande wa bibi yangu mzaa baba, kati ya Masasi na Nachingwea. (Jina la mahali silitaji, na sababu nitaieleza.) Tulitumia picha za setilaiti kwenye simu, na njia hiyo kwa kweli inasaidia. Mwezi wa nane miti ya miombo inakuwa imepukutisha majani, pori zima lina rangi ya kahawia, lakini miembe inabaki na kijani chake kizito. Ukiona madoa ya kijani yamekusanyika mahali ambapo hakuna kijiji, hapo waliishi watu. Tulifika bila kupotea. Tukazunguka saa tatu, tukaona miembe, mikorosho mikubwa iliyoachwa, vichuguu, na basi. Hatukujua tunaangalia nini. Saa saba tukakaa kwenye kivuli, mahali palipoinuka kidogo palipopangwa mawe, tukala chakula chetu.

Jioni nilipomsimulia bibi, akaniuliza mawe yale yalipangwaje. Nikamwonyesha kwa mkono. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mume wangu, mmekula juu ya wafu." Yalikuwa makaburi ya upande wa mama yake. Hakunigombeza. Ila tangu siku ile sijaenda tena hame lolote bila mwenyeji.

Ili ujue umtafute nani, lazima ujue watu waliondoka lini na kwa nini. Huku kwetu mahame hayana umri mmoja. Yapo ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vilivyoanzia milima ya Matumbi. Wajerumani walichoma vijiji na mashamba, njaa ikamaliza waliobaki, na sehemu kubwa ya nchi ya Wangindo ikawa pori. Yapo ya Liwale, ambako katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na maeneo yao yakaingizwa kwenye Pori la Akiba la Selous. Kwa haya ya zamani utasikia habari kwa wajukuu tu, tena kwa vipande.

Yaliyo mengi, na ambayo bado yana mashahidi walio hai, ni ya Operesheni Vijiji. Vijiji vya ujamaa vilianza baada ya Azimio la Arusha la 1967 kwa kushawishiana, na huku Kusini, hasa kando ya Mto Ruvuma, watu waliwahi kukusanywa mapema kwa sababu ya vita vya Msumbiji. Kisha Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Watu waliokuwa wakiishi kwa koo, nyumba tano hapa, nane kule, kila ukoo na mikorosho yake, wakapelekwa kando ya barabara.

Ukitaka kuona uzito wa jambo lile, angalia korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wataalamu wanataja sababu kadhaa, bei mbovu na ugonjwa wa ubwiri unga zikiwemo, lakini muulize mzee yeyote wa Masasi atakwambia la kwake: nyumba ilihamishwa, mkorosho haukuhamishwa. Nani atembee saa mbili kwenda kupalilia, na saa mbili kurudi? Hiyo mikorosho mirefu utakayoikuta katikati ya pori, imeshikana matawi na miti ya msituni, ndiyo ile.

Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka ishirini na tano mwaka 1974 leo amevuka sabini na tano. Ndiyo maana nasema mawe yaache kwanza, nenda kwa watu.

Kumpata si kazi. Nenda kwenye kijiji cha barabarani kilicho karibu na hame, fika kwa mwenyekiti wa kijiji au afisa mtendaji, jitambulishe, sema unachotaka bila kuzungusha. Hatua hii usiiruke hata kama unakwenda kwenye hame la ukoo wako. Mgeni anayezunguka porini na begi huku kwetu anahesabika mtafuta madini au jangili mpaka aeleze vingine. Mwenyekiti akishakujua, yeye mwenyewe atakuambia ni mzee gani alihamia kutoka wapi, na wapi tembo wamepita juzi. Kwa Liwale na Nachingwea hilo la tembo liulize kila mara, maana wanashuka kutoka hifadhini.

Kwa mzee usiende na haraka. Shikamoo, kaa kwenye mkeka, sikiliza habari za miguu na macho yake. Usianze na daftari. Mimi huwa nauliza swali moja: "Maji mlikuwa mnachota wapi?" Kwa kina mama hasa, swali hilo linafungua kijiji kizima, kwa sababu njia ya kisimani ilipita mbele ya nyumba ya kila mtu.

Mwaka uliofuata baada ya kosa langu nilikwenda na bibi mwenyewe. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwisho wa Agosti. Huo ndio wakati ninaoupenda: masika yameisha zamani, majani yameshaungua au kulala, unaona mbali, na korosho hazijaanza kuokotwa. Ukichelewa mpaka Oktoba, hakuna atakayekusindikiza, kila mtu yuko shambani. Bodaboda ilimbeba mpaka inapoishia njia ya wachoma mkaa, kisha tukatembea nusu saa polepole, yeye na fimbo yake.

Tulipoikaribia miembe ya kwanza akasimama, akafunga vizuri mtandio, akaita, "Hodi!" Pori lilikuwa kimya. Akangoja kama mtu anayengoja kukaribishwa, ndipo akaingia.

Kuanzia hapo kile nilichokiona mara ya kwanza kama miti tu kikawa kijiji. Miembe miwili iliyokaa mbalimbali, katikati patupu: pale palikuwa na msikiti wa udongo. Mkwaju: baraza la wazee. Mti wa msolo umesimama peke yake, ardhi ya chini yake safi; hapo walikuwa wakimwaga unga kuombea wasafiri na wagonjwa, kama Wayao na Wamakua wengi wafanyavyo hata leo. Alipitia makaburini kwanza, tukasoma Fatiha, nikaomba radhi kwa chakula kile.

Nyumba zilikuwa za fito na udongo, kwa hiyo usitarajie kuta. Nyumba ya udongo ikianguka inabaki tuta la chini, la mraba, ambalo mvua imelilainisha, na majani yanayoota juu yake ni tofauti na ya pembeni. Ukitembea taratibu mguu unalihisi kabla ya jicho. Vigae vya vyungu utaviona pale panya buku wamefukua. Udongo mweusi kuliko mwingine ni jalala, na jalala lilikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo ukilipata unajua mlango ulitazama wapi.

Bibi alipita matuta manne bila kusema neno. Kwenye la tano akainama, akaanza kufukua majani makavu kwa ncha ya fimbo. Yakatokea mawe mawili ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, yamepasuka upande mmoja na rangi yake imekuwa nyekundu kwa moto. Mafiga. Akasema la tatu lipo, tutafute. Tulilipata hatua tatu mbele, mzizi wa mkorosho umelikumbatia nusu. Halikuwa jiwe kama yale mengine. Lilikuwa bapa, lina bonde laini katikati. "Hili ni jiwe langu la kusagia," akasema. "Lilivunjika mwaka nilipomzaa baba yako, mama mkwe akasema tusilitupe, tulifanye figa. Chungu kilikuwa kinaegemea huku kila siku, ugali unaungua upande mmoja." Alipitisha kiganja kwenye lile bonde mara mbili tatu, kama anafuta unga.

Nikamuuliza kama nilichomoe tulibebe nyumbani. Akakataa. "Jiko haliibwi," akasema, akaomba maji.

Hilo ndilo linanifanya nisitaje jina la mahali. Wapo watu wanaozunguka Kusini wakichimba makaburi na misingi ya nyumba wakitafuta eti mali za Mjerumani, rupia na dhahabu walizosikia kwamba zilizikwa. Nimeona kaburi lililochimbwa mpaka kina cha mtu, mifupa imetupwa pembeni kwenye majani. Sijawahi kukuta kitu kilichoniuma namna ile. Kuchimba mabaki ya kale bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini porini mlinzi ni ukimya wa wanaopajua. Kwa hiyo piga picha, ila usiweke mtandaoni mahali halisi ulipo, na uzime kwenye simu kile kinachoandika eneo kwenye picha. Kigae ukikiokota, kitazame, kirudishe kilipokuwa. Kifaa cha kutafutia vyuma usikibebe kabisa, hata kama nia yako ni njema.

Yaliyobaki ni ya kawaida, ila yaheshimu. Maji lita tatu kwa kila mtu, maana kisima cha zamani hata ukikipata hakinyweki. Na visima hivyo ndivyo hatari kubwa kuliko nyoka: mdomo umefunikwa na majani na matawi, hujui mpaka umekanyaga. Mwenyeji atangulie, nyie mfuate nyayo zake. Angalia pia mitego ya waya ya wawindaji. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya upupu, ambao wakati huo wa kiangazi maganda yake yamekauka na manyoya yanapeperuka ukigusa mti tu. Ukikupata usijikune; bibi alinipaka majivu, kukatulia. Chakula, mimi nabeba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa huku kwetu, ya kuchemsha na pilipili, haiharibiki kwa joto. Na saa nane mchana geuza, hata kama umebakiza kitu kimoja tu cha kuona.

Kama huna mzee na muda ni mdogo, anza na tuta la reli ya Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga reli kutoka Mkwaya karibu na Lindi, na baadaye kutoka bandari mpya ya Mtwara. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na vyuma kung'olewa. Tuta bado lipo sehemu nyingi, limenyooka katikati ya miombo, miti imeota juu yake. Ni matembezi mazuri kwa watoto. Ila hata hapo, ukikutana na mzee anayechunga mbuzi, simama umsalimie.

Usiku wa siku ile hatukulala mapema. Bibi alikaa kitandani, mimi kwenye kigoda, tukaandika kaya kwa kaya kufuata njia ya kisimani: nani aliishi, aliolewa wapi, alihamishiwa kijiji gani. Fanya hivyo usiku uleule, miguu ikiwa bado inauma, kwa sababu kesho nusu itakuwa imepotea. Tulifika kaya thelathini na moja. Ya kumi na nne, ile ya jirani na mkwaju, imebaki mstari mtupu. Uso anauona, jina halimjii. Shoga yake mmoja wa utotoni yupo Newala. Nimeshaongea na wajukuu zake, mwezi ujao namfuata.